Kumnunulia mzazi baiskeli: Bei ya dukani si gharama yote

FEDHA za pamba na dengu zikishaingia mfukoni, maduka ya baiskeli katika miji ya Kanda ya Ziwa huanza kuchangamka. Miongoni mwa wanaoingia humo ni vijana wenye biashara ndogo mjini ambao wameweka akiba ili wampelekee baba au mama kijijini kitu cha kumsaidia. Mzazi mwenyewe si mtu wa kuendesha kila siku. Anahitaji chombo cha kumfikisha mnadani mara moja kwa wiki, zahanati siku ya dawa, kanisani au msikitini, na shambani kama liko mbali.

Nia hiyo ni njema, lakini mara nyingi fedha inapotea. Kijana huvutiwa na baiskeli ya gia yenye rangi za kung'aa, au huchukua ile kubwa na nzito kuliko zote kwa imani kwamba uzito ndio uimara. Baada ya miezi michache baiskeli hiyo inaegemea ukuta wa nyuma ya nyumba, matairi yamelala na kuku wanalala juu ya usukani. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa moja kati ya mambo mawili: ama mzee anashindwa kuipanda na kushuka bila kuyumba, ama tairi lilichanika na lingine la kipimo hicho halipatikani hapo kijijini.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuulizia bei. Je, mwili wa mzazi utaimudu? Je, fundi wa kijijini kwao ana vipuri vyake? Na je, mzazi ataitumia mara ngapi kwa mwaka? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha iwapo baiskeli ni rahisi au ni ghali.

Chukua mfano wa kijana anayeuza nguo za mtumba jijini Mwanza, ambaye baba yake mwenye umri wa miaka 66 anaishi katika kijiji kimoja wilayani Kwimba na analima pamba na dengu. Mzee huyo ameendesha baiskeli tangu ujana wake, ila siku hizi goti la kulia linamsumbua. Mnada uko kilometa saba kutoka nyumbani. Kijana ana akiba isiyozidi shilingi 250,000. Baba ameshamwambia kwa simu kwamba anataka "baiskeli ya wanaume, kama ile yangu ya zamani." Je, kijana amsikilize baba, asikilize pochi yake au alisikilize goti?

Mwili wa mzazi kwanza

Baiskeli ambayo wazee wengi wanaijua ni ile nyeusi ya kazi, yenye magurudumu ya inchi 28, chuma cha juu kilicholala kutoka kwenye usukani hadi chini ya kiti, na breki za fito za chuma. Umbo lake lilitoka Uingereza, ambako kampuni ya Raleigh ya mji wa Nottingham ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wake wakubwa. Baadaye zikaja Phoenix kutoka Shanghai nchini China, na Hero na Avon kutoka mji wa Ludhiana nchini India. Watu wazima wa Tanzania wanaikumbuka pia Swala, iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam. Majina ni tofauti lakini umbo ni lile lile.

Umbo hilo lilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu mirefu na viungo vyepesi. Ili aipande, mwendeshaji anatupa mguu nyuma, juu ya kiti na keria. Kijana wa miaka 25 hafikirii hata kidogo jambo hilo. Kwa mtu wa miaka 66 mwenye goti bovu, hapo ndipo penye hatari. Mwendo wenyewe unaweza usimsumbue. Taabu iko wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, na pale anapolazimika kusimama ghafla akaweka mguu chini. Kama amefunga mzigo kwenye keria au amembeba mjukuu, mguu hauna pa kupita kabisa.

Kwa mama hali ni hiyo hiyo na zaidi, kwa kuwa gauni na khanga haziruhusu kurusha mguu. Isitoshe, mifupa ya wanawake wengi hupungua nguvu baada ya kukoma hedhi, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo mgonjwa hulala miezi mingi. Familia ya mkulima ikipata janga la namna hiyo, gharama ya nauli, matibabu na shamba lililokosa mtu wa kulihudumia huzidi mara nyingi bei ya baiskeli yoyote iliyopo dukani.

Vipimo vyenyewe ni rahisi na havihitaji mtaalamu. Kwanza, mzazi asimame akiwa ameivukia baiskeli, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kati ya mwili wake na chuma cha juu pabaki nafasi ya vidole vitatu au zaidi. Pili, akae juu ya kiti. Kwa mtu anayeendesha mara chache, ncha za miguu yote miwili ziguse ardhi bila kuilaza baiskeli. Kiti kilichoshushwa hivyo hupunguza kidogo nguvu ya kukanyaga, lakini humpa mzee uwezo wa kusimama muda wowote bila woga. Tatu, ashike usukani. Viwiko vikunjike kidogo na mgongo usiiname sana.

Muuzaji aulizwe pia ukubwa wa fremu, ambao hupimwa kwa inchi kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi mwisho wa bomba la kiti. Fremu ya inchi 24 ni ya mtu mrefu. Mzazi mfupi au wa kimo cha kati atafutiwe ya inchi 22 au 20. Wengi hununua bila kuuliza kwa kudhani kuwa baiskeli zote za inchi 28 ziko sawa, kumbe hiyo 28 ni ya gurudumu tu.

Njia bora zaidi ni fremu iliyoshuka, yaani ile isiyo na chuma cha juu, ambayo mitaani huitwa baiskeli ya kike. Mpandaji anapitisha mguu mbele ya kiti, kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango. Jina hilo la "ya kike" limewazuia wanaume wengi wazee kuinunua, ingawa chuma hakijui jinsia na goti linalouma halijui aibu.

Aina tatu za sokoni

Kwa mwenye fedha za wastani, maduka yanatoa aina tatu kuu.

Ya kwanza ni baiskeli mpya ya kazi iliyoelezwa hapo juu. Ina uzito wa kilo 20 au zaidi, haina gia, na inastahimili mzigo. Sifa yake kubwa ni kwamba kila fundi anaijua. Fito ya breki ikipinda, hunyooshwa kwa koleo na nyundo chini ya mti. Kasoro zake ni uzito, na breki ambazo hushika vibaya rimu ya chuma ikilowa mvua, hivyo mwendeshaji hana budi kuanza kufunga breki mapema. Watengenezaji hao hao hutoa pia muundo wa fremu iliyoshuka, ila si kila duka linauweka kwa sababu wanaouulizia ni wachache. Mnunuzi aulizie, hata ikibidi aagize.

Ya pili ni baiskeli mpya ya gia yenye matairi mapana ya inchi 26, na pengine shokapu mbele na nyuma. Ni nyepesi kuitazama na bei yake ya kuanzia huvutia. Hata hivyo, zile za bei ya chini huwa na gia za bati jembamba zinazopoteza mpangilio baada ya muda mfupi, na mzazi asiyezoea hubaki kwenye gia moja siku zote. Shokapu za bei rahisi humeza sehemu ya nguvu ya kukanyaga, na zikichakaa mafundi wengi wa vijijini hawana cha kufanya. Nyingi huuzwa bila madigadi, bila keria na bila stendi, vitu ambavyo mzazi anavihitaji na ambavyo vitanunuliwa baadaye kwa fedha nyingine.

Ya tatu ni baiskeli ya mtumba, hasa kutoka Japani. Huko, baiskeli za kwendea sokoni hutengenezwa kwa fremu iliyoshuka, kapu mbele, madigadi kamili, kinga ya cheni, taa ya dainamo, na stendi ya miguu miwili inayoiweka wima bila kuegemezwa. Nyingi zina breki ya nyuma iliyo ndani ya ngoma karibu na ekseli, ambayo haitegemei rimu, hivyo hufanya kazi hata wakati wa mvua. Kwa mwili wa mzazi, hakuna umbo linalofaa kuliko hilo. Tatizo lake liko kwenye vipuri, na hasa tairi.

Inchi 26 si lazima zilingane

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Mtu anaona tairi limeandikwa 26, anarudi kijijini akijua tairi za 26 zimejaa dukani, kumbe kuna 26 za aina zaidi ya moja na haziingiliani.

Ukweli uko kwenye namba ndogo zilizochongwa ubavuni mwa tairi, mbili zikitenganishwa na kistari. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, nayo ndiyo ya kuzingatia.

Tairi la baiskeli ya gia lenye alama ya 26 kwa 2.125 lina kipenyo cha milimita 559. Tairi la mtumba wa Kijapani lenye alama ya 26 kwa 1 3/8 lina milimita 590. Tofauti yake ni milimita 31, yaani sentimita tatu na ushei. Hakuna fundi atakayelilazimisha tairi moja kukaa kwenye rimu ya jingine.

Zipo pia baiskeli za Kijapani zenye magurudumu ya inchi 27, ambazo kipenyo chake ni milimita 609. Kipimo hicho hutumika kwa wingi Japani lakini ni adimu kwingineko. Mnunuzi wa kijijini aiache baiskeli ya namna hiyo hata kama imepunguzwa bei, kwa kuwa siku tairi litakapokwisha, baiskeli nzima itakuwa imekwisha.

Na 28 nazo si moja. Tairi la baiskeli ya kazi, 28 kwa 1½, lina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya huandikwa 28 lakini kipenyo chake ni milimita 622. Kwa macho zinafanana, lakini tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine.

Jambo jingine ni valvu ya tyubu. Baiskeli za kazi na za Kijapani kwa kawaida hutumia valvu nyembamba ya kizamani, wakati za gia hutumia valvu inayofanana na ya gari au pikipiki. Pampu ya nyumbani ilingane na valvu, vinginevyo mzee atakuwa na pampu mkononi na tairi lililolala.

Ushauri hapa ni mmoja. Kabla ya kulipa, kijana ampigie simu mtu aliyeko kijijini, aende kwa fundi na duka la vipuri la karibu, aulize: "Tairi gani mnazo, na zimeandikwa namba gani?" Simu hiyo ya dakika mbili inaweza kuokoa fedha za msimu mzima.

Hesabu ya miaka mitano

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Gharama kamili ni bei ya kununulia, ukijumlisha matengenezo ya miaka yote, kisha ukitoa fedha itakayorudi siku ya kuiuza. Kiasi hicho kikigawanywa kwa idadi ya miaka ndipo mnunuzi anaona gharama ya kila mwaka.

Takwimu zifuatazo ni za mfano wa kupigia hesabu tu. Kila mnunuzi aweke bei za dukani kwao.

Tuseme baiskeli mpya ya kazi inauzwa shilingi 250,000. Kwa kuwa inatumika mara chache, inahitaji matengenezo ya shilingi 20,000 kwa mwaka, ambayo kwa miaka 5 ni shilingi 100,000. Jumla ni 350,000. Baada ya muda huo inauzwa kwa shilingi 120,000, kwani aina hii haikosi mnunuzi kijijini. Gharama halisi ni shilingi 230,000, sawa na shilingi 46,000 kwa mwaka.

Tuseme ya gia inauzwa shilingi 200,000 na inahitaji shilingi 35,000 kwa mwaka, ambayo kwa miaka 5 ni 175,000. Jumla ni 375,000. Inauzwa ikiwa imechoka kwa shilingi 40,000. Gharama halisi ni 335,000, sawa na shilingi 67,000 kwa mwaka.

Tuseme ya mtumba inauzwa shilingi 150,000. Mnunuzi anaongeza 60,000 mara moja kwa ajili ya kuisafisha, kubadili gololi na kebo za breki, na kununua tairi mbili na tyubu mbili za akiba. Matengenezo ni 20,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa miaka 5. Jumla ni 310,000. Inauzwa 55,000. Gharama halisi ni 255,000, sawa na shilingi 51,000 kwa mwaka.

Msomaji ataona kwamba ya mtumba, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote dukani, inakuwa ya pili, na iliyoonekana ghali inakuwa rahisi. Lakini ataona pia kwamba tofauti kati ya ya kazi na ya mtumba ni shilingi 5,000 tu kwa mwaka. Kwa mzazi asiyeweza kurusha mguu, kiasi hicho ni kidogo mno ukikilinganisha na hasara ya kuanguka. Ya gia ndiyo inayoshindwa katika pande zote mbili.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao vijana wengi hawaugusi. Tuseme bodaboda ya kwenda na kurudi mnadani ni shilingi 4,000. Mzee anayekwenda kila wiki atalipa shilingi 208,000 kwa mwaka, wakati baiskeli ya mtumba inamgharimu 51,000. Hapo baiskeli inalipa bila ubishi. Lakini mzee anayetoka mara moja tu kwa mwezi atalipa bodaboda shilingi 48,000 kwa mwaka, pungufu ya gharama ya baiskeli. Kwa mfano huu mpaka uko kwenye safari 13 kwa mwaka. Chini ya hapo, ni heri kijana amtumie baba nauli na fedha iliyobaki anunue mbolea au mbuzi jike.

Kadhalika, mzazi mwenye kizunguzungu, anayeona kwa shida au anayeanguka anguka hata akitembea asinunuliwe baiskeli ya magurudumu mawili kwa hesabu yoyote ile.

Baiskeli ya mzazi haibaki ya mzazi

Ipo kanuni moja ya kijijini ambayo mnunuzi aliye mjini huisahau. Baiskeli ikifika nyumbani kwa mzazi, inakuwa ya ukoo. Mjukuu ataichotea maji, shemeji ataipelekea gunia mashineni, jirani ataazima kuwahi msiba. Mzee aliyetarajiwa kuitumia mara moja kwa wiki anaikuta siku ya mnada ina pancha.

Fremu iliyoshuka hubeba vizuri mtu mmoja na debe moja la mahindi au dumu la maji la lita 20. Haikutengenezwa kwa ajili ya gunia la kilo 100. Ikibebeshwa mzigo huo kila mara, bomba lake la chini hulegea kwenye kiungo cha usukani na njiti za gurudumu la nyuma hukatika. Ile ya kazi kwa desturi ya Kiingereza hufungwa njiti 40 nyuma na 32 mbele kwa sababu uzito mwingi uko nyuma.

Kwa hiyo familia ikubaliane mapema. Kama kuna mizigo mizito ya mara kwa mara, iangaliwe baiskeli ya kazi yenye fremu ndogo na kiti kilichoshushwa, au familia ichange inunue ya pili. Kama ni ya mzazi peke yake, afungiwe kufuli na ufunguo ukae kwake. Si uchoyo, huo ni usimamizi wa mali.

Kukagua mtumba

Anayenunua mtumba asiwe na haraka, maana baiskeli iliyopakwa rangi upya inaweza kuficha mengi. Aigeuze juu chini na kuangalia viungo vya fremu, hasa chini ya usukani na kwenye ekseli ya pedali, kama kuna nyufa au kutu iliyokula ndani. Azungushe magurudumu yote mawili. Rimu isiyumbe kushoto na kulia. Ashike gurudumu na kulitikisa kwa upande. Likicheza, gololi zimekwisha. Akandamize breki na kuisukuma baiskeli mbele, isisogee. Apinde tairi kwa vidole. Mipasuko midogo inamaanisha mpira umekauka hata kama kashata bado zipo. Kama ina kufuli lake la gurudumu, ufunguo upatikane hapo hapo.

Mwisho achukue risiti iliyoandikwa namba ya fremu, ambayo huchongwa chini ya ekseli ya pedali au kwenye bomba la kiti. Kama anauziwa na mtu binafsi, wakaandikishane mbele ya uongozi wa mtaa au kijiji. Baiskeli ya wizi haina bei nafuu.

Kutunza baiskeli isiyotembea kila siku

Baiskeli inayokaa huharibika kwa namna yake. Tyubu hupoteza upepo taratibu hata bila pancha, na tairi likibaki limelala huku limebeba uzito, hukunjika na kupasuka ubavuni. Mzazi au mjukuu ajaze upepo kila baada ya wiki mbili au tatu. Baiskeli ikae ndani au kivulini, kwani jua hukausha mpira haraka kuliko safari.

Cheni ipakwe mafuta ya mashine matone machache kila mwezi na kufutwa kwa kitambaa. Mafuta ya kula yasitumike. Huganda na kukusanya vumbi. Wakati wa masika, tope la mbuga hujaa kati ya tairi na madigadi. Litolewe kwa kijiti kabla halijakauka. Pembeni ya baiskeli pasikosekane pampu, kiraka na sulusheni. Kwa anayerudi kutoka mnadani jioni, taa au walau kiakisi mwanga cha nyuma ni cha lazima, kwa kuwa mwenye gari hamwoni mzee aliyevaa koti jeusi.

Mzee afike dukani

Njia ya uhakika kuliko zote ni mzazi mwenyewe kuijaribu baiskeli kabla haijalipiwa. Nauli ya basi kwenda na kurudi ni ndogo kuliko hasara ya baiskeli isiyofaa.

Katika mfano wetu, kijana anamwita baba yake Mwanza. Wanasalimiana mbele ya duka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Iko wapi hiyo baiskeli?"

Kijana hamwelezi habari ya goti wala ya fremu. Anamsogezea kwanza ile ya kazi ya inchi 28, kama alivyotaka. Mzee anaishika kwa furaha, anaisukuma hatua mbili, anatupa mguu. Mguu unagonga keria. Anajaribu tena, anakaa, anazunguka uwanja mdogo wa duka. Wakati wa kushuka baiskeli inamlalia, na muuzaji anawahi kuidaka. Mzee anacheka kidogo, anajipangusa suruali.

Ndipo kijana anaposogeza ya mtumba yenye fremu iliyoshuka, magurudumu ya 26 kwa 1 3/8, ambayo fundi wa kijijini kwao ameshathibitisha kwa simu kwamba tairi zake anazipata.

"Hiyo si ya mama yako?" mzee anauliza.

"Ijaribu tu, baba. Kama haifai tutaiacha."

Anapitisha mguu, anakaa, nyayo zinagusa chini. Anazunguka uwanja mara moja, mara mbili, anasimama penye kokoto na kuondoka tena. Anaposhuka haulizi tena ni ya nani. Anauliza bei, kisha anauliza kama kapu la mbele linaweza kubeba jogoo wawili wa kupeleka mnadani.

Linaweza. Katika ile akiba ya shilingi 250,000, baiskeli itachukua 150,000, na matengenezo pamoja na tairi za akiba 60,000. Shilingi 40,000 zinazobaki zitalipa mzigo kwenye basi, nauli ya mzee, pampu na kufuli. Ufunguo wa kufuli hilo mzee ataufunga kwenye kamba, auvae shingoni.